Nyota 5 kwa nesi aliyegoma kunipima ukimwi mara ya sita

Naomba mnivumilie itakua ndefu, mana nimekaa nayo moyoni tangu mwezi wa tano na kila nikianza kuandika nafuta. Nataka kutoa maoni kuhusu vitu vitatu nilivyovitumia mwenyewe, kile kipimo cha kujipima VVU kwa mate, duka la dawa nilikokinunua, na kituo cha afya cha serikali huku kwetu Mwanza ambako nilikutana na nesi wa ushauri nasaha. Majina ya sehemu sitaji, na jina la nesi ndo kabisa, ila yaliyotokea nayasema yote mana najua kuna mtu saivi saa nane usiku amejifunika shuka anasoma dalili kwenye simu kama nilivyokua nafanya mimi.

Mimi ni msusi. Mwezi wa pili nililala na mkaka ambae tulikua tunaongea kama miezi minne hivi, ni mara moja tu, na tulitumia kondomu toka mwanzo mpaka mwisho. Haikupasuka, haikuvuka, nilimwona kwa macho yangu akiivua na kuifunga fundo. Asubuhi nikaenda kazini vizuri tu nikasuka wateja watatu. Siku ya tatu koo likaanza kuwasha, nikaingia intaneti nikaandika koo kuwasha baada ya tendo, na hapo ndo nilipojiharibia miezi mitatu ya maisha yangu.

Kila kitu kikawa dalili. Kipele cha joto mgongoni dalili, kuharisha dalili, jasho la usiku dalili na hapo ni Mwanza mwezi wa pili ambako kila mtu analala anatoka jasho. Nikawa nagusa shingo kutafuta tezi. Nipo katikati ya kichwa cha mtu, vidole vina mafuta, naacha msuko nagusa chini ya taya kulia, kushoto, narudi kulia tena, mpaka nikawa na alama nyekundu zinauma, na zikiuma nasema unaona, tezi hizo. Nilipungua kilo 5. Mkaka wa watu nilimblok bila kumwambia kosa lake, mana kosa hana.

Basi siku ya 12 nikaenda kununua kipimo.

Naanza na duka la dawa na sitakaa sana hapo. Nyota 1. Nilisubiri watu waishe, nikamsogelea mdada wa kaunta nikamwambia taratibu nataka kile kipimo cha mate, akageuka akamuuliza mwenzie alieko stoo kwa sauti ya mnadani, "Eti vile vya ukimwi vimebaki?" Nyuma yangu alikua ameshaingia mama mmoja ambae mtoto wake namsukaga. Nililipa nikatoka sijasubiri hata chenji. Jamani nyie mnaouza dawa, mtu kufika tu hapo kaunta ameshapigana vita nyumbani kwake wiki nzima, punguzeni sauti. Hicho tu. Sheria ya nchi ilibadilishwa mwaka 2019 mtu akaruhusiwa kujipima mwenyewe, na maana yake nzima ilikua mtu apate faragha, sasa faragha gani hiyo.

Kipimo chenyewe nakipa nyota 4 na naomba nieleze vizuri mana wengi wanakitumia vibaya, mimi wa kwanza.

Ndani unakuta kijiti chenye kama kisponji bapa mbele, kichupa kidogo chenye maji maji, na karatasi ya maelekezo. Usile wala kunywa kitu dakika 15 kabla, na kama umepiga mswaki subiri nusu saa. Unapitisha kile kisponji kwenye ufizi wa juu mara moja, ufizi wa chini mara moja, basi, husugui kama mswaki. Unakitumbukiza kwenye kichupa unaacha kisimame. Majibu unasoma kuanzia dakika ya 20 na usivuke 40. Mstari mmoja kwenye herufi C maana yake hakijaona kitu. Mistari miwili, hata kama wa pili umefifia, maana yake uende kituoni ukathibitishwe, hujawa mgonjwa kwa kipimo hicho peke yake. Kusipokua na mstari kwenye C kipimo kimeharibika tafuta kingine. Na kama mtu tayari anatumia ARV hakimfai, kinaweza kumpa majibu ya uongo.

Watu wanauliza kama kinasoma mate basi ukimwi upo kwenye mate. Hapana, kinachotafutwa ni askari ambao mwili unawatengeneza kupigana na kirusi, na hao askari wanapatikana pale kwenye fizi. Kumbusu mtu hakukupi VVU.

Sasa kwanini nyota 4 na sio 5. Hao askari mwili unachukua mda kuwatengeneza, ndo mana karatasi inasema miezi mitatu tangu siku uliyokua na wasiwasi nayo. Imeandikwa ila kwa maandishi madogo ya chungu, na mimi mikono ilikua inatetemeka nilisoma picha tu. Kwahiyo siku ya 12 nikapata mstari mmoja, nikalia kwa furaha nikapika pilau, na kesho yake asubuhi nikaisoma karatasi vizuri nikakuta hayo majibu ya jana hayana uzito wowote. Nilikaa chini jikoni kwenye sakafu. Amani yangu ilidumu usiku mmoja.

Siku ya 28 nikaenda zahanati moja ya kulipia, damu ya kidole, negativu, daktari hakunyanyua hata macho. Siku ya 45 nikaenda nyingine mbali kabisa na mtaani, negativu. Kila nikitoka naona jua limewaka, kuku wanapendeza, napiga simu kwa mama nacheka nae, halafu siku chache tu najiuliza je kama walichanganya sampuli, je kama ile kondomu ilikua na tundu lisiloonekana, je kama mimi ndo yule mmoja kwenye milioni. Siku ya 91 nikajipima tena nyumbani. Mstari mmoja. Nikakitupa kwenye ndoo ya taka, na masaa matatu baadae nikakitoa kwenye taka nikakimulika na tochi ya simu, nikaona kama kivuli cha mstari wa pili. Kumbuka nimesema usivuke dakika 40. Kikishakauka kinaweza kuonyesha chochote, ila wewe mwambie hivyo mtu alieinama na tochi juu ya ndoo ya taka.

Kesho yake ndo nikaenda kile kituo cha afya.

Nakisifu kwanza kwa vitu vidogo. Mapokezi hawakuuliza umekuja kufanya nini mbele ya watu, wanakupa karatasi yenye namba ya chumba tu. Benchi la kusubiria halijatengwa, mnakaa wote, waliokuja kliniki ya watoto, wa presha, wa kupima, kwahiyo hakuna anaejua wewe ni wa nini. Nesi alitoka akamsalimia kwa Kisukuma mzee alieketi pembeni yangu, "Mwangaluka", akamshika bega, akanigeukia mimi akaniambia ingia mwanangu.

Nikamwambia shikamoo mama, akaitika, akafunga mlango, akavuta kiti upande wangu badala ya kukaa nyuma ya meza. Akanichoma kidole, akaweka tone kwenye kipimo hapo hapo mezani, akaseti saa, akaniacha niangalie. Negativu. Akaniambia hii ni siku ya 92, kinga ilitumika, haikupasuka, majibu haya ni ya mwisho kwa tukio hilo. Nikamshukuru nikaondoka. Bure kabisa, sikutoa hata mia.

Baada ya siku tisa nikarudi.

Nikamwambia mama naomba unipime tena. Alinitazama mda mrefu, akafunua daftari akaona jina langu, akalifunga. Kile kiboksi cha vipimo kilikua wazi mezani, akakifunika mfuniko na kukiweka juu ya kabati. Akasema, "Sikupimi."

Nilikasirika jamani. Nilimwambia ni haki yangu. Akasema ni kweli ni haki yako, na siku ukiwa na sababu ya kupima nitakupima hata kama ni kila mwezi, ila leo nikikupima nakua nakulisha ugonjwa wako. "Umepima mara tano. Kila ukipima unapata siku ngapi za amani?" Nikasema mbili. "Mwanzo ulikua unapata ngapi?" Nikafikiria. Baada ya kile cha siku ya 28 nilikaa vizuri karibu wiki nzima. Akanyamaza akaniacha nihesabu mwenyewe.

Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna alieniuliza kwenye sehemu zote nilizopita. Akaniuliza, "Nani amekufa kwa huu ugonjwa kwenu?"

Sikua nimemtaja mtu yoyote. Nikaanza kulia kabla sijajibu. Mama yangu mdogo alifariki 2003 pale pale nyumbani kwa bibi Igoma, mimi nina miaka saba. Alikua na vidonda mdomoni anakunywa uji kwa mrija. Kikombe chake kilifungwa uzi mwekundu kwenye kishikio ili tusikichanganye, na mimi nilishawahi kukinywea kwa bahati mbaya nikapigwa, na usiku ule bibi alikua ananitazama kama mtu anaetazama maiti. Hilo nilikua sijamwambia mtu. Nesi akanipa karatasi laini nikafuta macho akasubiri mpaka nikamaliza, foleni nje ipo na yeye hakutazama saa hata mara moja.

Akaniambia kile kikombe kisingeweza kukupa kitu hata ungekinywea kila siku. Akaniambia dawa za ARV za bure zimeanza kutolewa nchini 2004, mama yako mdogo aliondoka mwaka mmoja kabla, na hilo linaniuma na mimi mana nilikua nauguza wakati huo tunawapa panadol na maji ya chumvi. Akasema leo pale nje kuna mtu anachukua dawa hapa tangu 2005, ana watoto watatu hawana maambukizi, analima, ukimpita barabarani humjui. Mtu akitumia dawa vizuri mpaka kirusi kwenye damu kikashuka kisionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzie kwa tendo la ndoa. "Wewe kila usiku unalala kwenye kitanda cha mama yako mdogo cha mwaka 2003," akasema. Nilikua sijawahi kufikiria hivyo, ila ndo ilivyokua, mpaka harufu ya kile chumba nilikua naisikia.

Baada ya hapo akatoa kondomu na ule uume wa mbao wanaofundishia. Nikamwambia mama najua, akasema nionyeshe basi. Nikaonyesha na nikakosea mawili. Akanifundisha polepole. Unaangalia tarehe ya mwisho kwanza. Unabonyeza pakiti usikie hewa inacheza ndani kama kimto, kama hewa haipo pakiti imetoboka tupa. Unachana pembeni palipo na meno, sio kwa meno yako. Unabana ncha kutoa hewa, unaiviringisha mpaka chini kabisa, na mwanaume akimaliza anaishika kwenye shina akitoka kabla haijalegea. Mafuta ya mgando, losheni, mafuta ya kupikia, vyote hivyo vinaozesha ule mpira, kama mnahitaji kilainishi tumieni cha maji. Na usivae mbili kwa pamoja.

Halafu akaijaza ile kondomu maji ya bomba kwenye sinki, nusu nzima, akaifunga juu akanipa niishike. Ilikua nzito, baridi, inaning'inia kwenye kiganja kama embe. Akasema igeuze, ibonyeze, tafuta tone. Niliigeuza kila upande nikaipitisha chini ya taa. Mkono wangu ulikua mkavu. Akaniambia sasa hilo ndo lile tundu lisiloonekana ulilokua unaliota, kirusi kinasafiri kwenye majimaji na majimaji hayapiti hapo. Nilikua nimesoma maneno hayo hayo kwenye simu labda mara mia, ila kuyashika mkononi ni kitu kingine kabisa.

Nikamuuliza na kama ingepasuka? Akasema hapo ndo ungekimbia uje, usikae kusoma dalili. Kuna dawa za kuzuia maambukizi, PEP, unatakiwa uanze ndani ya masaa 72 na kila saa unayowahi ni bora zaidi, unameza siku 28 bila kuruka. Akasema watu wanakuja siku ya tano siku ya sita wameshachelewa kwasababu walikua wanasoma intaneti. Hiyo naomba muishike. Kama ni kupasuka, kuvuka, kubakwa, au kinga haikutumika na humjui mwenzio hali yake, ni siku tatu.

Na kuhusu dalili akasema za mwanzo mara nyingi zinakuja wiki ya pili mpaka ya nne, sio siku ya tatu, na zinafanana na mafua na malaria kiasi kwamba yeye mwenyewe na miaka yake yote hawezi kumwangalia mtu akajua. Ila kuharisha kwangu, jasho, moyo kwenda mbio, kupungua, hivyo vyote vilikua vya kweli, sikua najifanya. Ni hofu. Hofu inaingia mwilini kama ugonjwa mwingine wowote. Hapo nilipumua, mana nilichokua naogopa kingine ni kuambiwa najitakia.

Dawa aliyonipa ni hii. Aliniuliza kazi yako nini, nikamwambia msusi. Akasema ukitaka kugusa shingo usijikataze, jiambie namaliza kwanza huu mstari mpaka chini ndo naigusa. Ukimaliza kama bado unataka, suka mwingine mmoja. Simu ikae chumba kingine kuanzia saa tatu usiku, na swali likija usiku liandike kwenye karatasi utaliangalia asubuhi. Na mtafute mtu mmoja tu umwambie, usibaki na mimi peke yangu. Akasema pia tukiona wiki nne zimepita hulali, nakuandikia uende kwenye kitengo cha afya ya akili hospitali ya mkoa, na huko sio kwa vichaa, ni kwa mtu kama wewe.

Wiki ya kwanza ilikua ngumu sana sitaki kumdanganya mtu. Nilikua nasuka twende kilioni ya mdada mmoja, mistari kama 12 hivi, na kila mstari ulikua vita. Wa nne nilisimama nikaweka kitana chini. Nikaendelea. Nilipofika wa tisa mdada akanihadithia habari za harusi ya dada yake tukacheka, na nilipokuja kukumbuka shingo alikua ameshalipa ameondoka. Wiki ya tatu nikaanza kula vizuri. Nililala bila kuhitaji kwenda kitengo kile, ila ningeenda.

Kasoro za kituo, mana rivyu bila kasoro watu wanasema umelipwa. Foleni ni ndefu, mimi nilifika saa moja asubuhi nikaonwa saa nne na nusu, siku za kliniki ya watoto ndo usiseme. Chumba cha ushauri dirisha lake halifungi vizuri ukiongea kwa sauti wa nje wanasikia, nesi huwa anafungua bomba la maji kidogo ili kuficha maongezi, na hilo ni jambo la kurekebishwa na wahusika sio la nesi kuhangaika nalo. Na yupo mmoja tu. Siku akiwa likizo alieko zamu atakupima na kukupa majibu vizuri ila hana mda wa kukaa. Kama uko mbali au hujajiandaa kukaa uso kwa uso, namba 199 ya wizara ya afya ni bure kupiga unaongea na mtaalamu. Na kuna binti anaejifunza kazi pale salunini kwangu, ana miaka 17, alikua anajua lazima aende na mzazi. Nikamwambia kuanzia miaka 15 unaenda mwenyewe, ni kwenye mabadiliko yale yale ya 2019. Alienda na mimi nikamsindikiza nikakaa benchi.

Kipimo cha mate nashauri mkitumie, kwa mtu asiyetaka kuonekana ni mkombozi, ila mhesabu siku kabla hamjafungua, na msome karatasi yote, na kikipita dakika 40 kitupeni msikirudie. Na kama mnajiona mnanunua cha tatu kwa tukio lile lile moja na kinga ilitumika vizuri, nendeni mkatafute mtu wa kukaa nae.

Yule mkaka nilimtoa blok. Nilimwambia yote, kikombe na uzi mwekundu na tochi na ndoo ya taka, nikijua ataondoka. Aliuliza tu kama nakula. Nesi alikua ameniandikia tarehe kwenye kadi, wiki sita mbele, na chini yake kwa mkono wake, "Njoo na mwenzio." Tukaenda. Alivaa shati la kunyoosha kama anaenda kwenye usaili, mikono inatoka jasho, na nesi alipofungua mlango akamwangalia akamwambia karibu baba, kaa hapa karibu na mwenzio, tuna mda.